Kufufua na kuseti gari la zamani nyumbani, Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaosimama getini kwangu Tabata wakiona Volkswagen Beetle imefunguliwa boneti ya nyuma. Wengine wana gari la marehemu baba limelala chini ya mwembe, wengine wameona tangazo na mkono unawasha. Yameanzia kwa anayetaka kununua, yanaishia kwa anayeingia barabarani. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimetaja namba ya swali.

## Kabla ya kununua

1. Gari gani la zamani linamfaa anayeanza?

Lile ambalo spea zake bado zinatengenezwa, hata kama silo unaloliota usiku.

Beetle iliendelea kutengenezwa Mexico hadi mwaka 2003, kwa hiyo karibu kila kitu chake kinapatikana kipya. Injini inapozwa kwa hewa, haina rejeta, na watu wawili wanaweza kuishusha. Peugeot 504, ambayo wazee wanaiita Pijo tu, iliachwa Ufaransa kama sedani mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye. Ndiyo maana Nairobi bado unaweza kupata kitu ambacho Kariakoo wanakuangalia tu. Corolla za miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 zina injini ya K, na familia hiyo ya injini iliendelea kufungwa kwenye LiteAce na TownAce hadi miaka ya 90. Baadhi ya spea zinaingiliana, muulize muuzaji kwa namba ya injini badala ya jina la gari.

Land Rover Series ni meccano: bolti na nati, mwanzo mpaka mwisho. Mercedes W123 ni gari gumu kweli, ila mfumo wake wa vakyumu unaendesha kufuli za milango na, kwenye dizeli, hata kuzima injini. Mpira mmoja ukipasuka, gari linagoma kuzimika. Si la kujifunzia.

Kuhusu lipi ni bora kati ya Beetle iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na Peugeot 404 iliyoshinda 1963 na tena mfululizo 1966 hadi 1968, ubishi huo una wenyewe vijiweni. Mimi siingii.

2. Nitajuaje kama bodi imeoza kabla sijalipa?

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi na bisibisi. Sumaku ikishika mlango mzima lakini ikateleza sehemu moja, pale chini ya rangi kuna filla. (Kwenye Land Rover usishtuke: bodi yake ni aluminiamu, sumaku haishiki popote. Huko unakagua chesisi na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria.)

Inua mazulia. Inua kiti cha nyuma cha Beetle, kwa sababu betri inakaa hapo na asidi imekuwa ikidondokea sakafu kwa miaka hamsini. Kagua mabomba mapana yanayopita chini ya milango yake: yanapeleka hewa ya joto, lakini pia ndiyo mgongo wa bodi, na yakioza gari linakunja katikati. Kagua kona za chini za kioo cha mbele, chini ya milango, na pale jeki inapoingia. Fungua mlango kisha uuinue kwa mkono: ukicheza, ama bawaba zimekwisha au nguzo imeoza.

Chumvi ya bahari haiishii Masaki na Kigamboni. Gari lililokaa Dar miaka yote bila kuendeshwa mara nyingi limeoza kuliko lililofanya kazi Dodoma kila siku. Injini mbovu unaitengeneza kwa miezi. Bodi iliyooza inakula miaka.

3. Kadi ya gari ina jina la marehemu. Ninunue?

Usimlipe mtu anayekwambia "mimi ni mtoto wake, hakuna shida". Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone hati yake. Kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini kwenye chuma na zilizoandikwa kwenye kadi, wewe mwenyewe, kwa macho yako. Uhamisho wa umiliki unafanyika TRA. Fanya hayo kabla hujanunua hata plagi moja. Kuna watu wamefufua gari zuri kabisa ambalo hawawezi kuliuza wala kulikatia bima.

Ada ya leseni ya barabara iliyokuwa ikilipwa kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hilo halitakufuata kila mwaka.

4. Itachukua muda gani?

Kama una kazi ya ajira na unafanya wikiendi, hesabu miaka. Weka daftari, andika kila unachonunua. Usimwonyeshe mwenzako daftari hilo kabla gari halijawaka.

## Mahali na vifaa

5. Naweza kuifanya kwenye nyumba ya kupanga?

Ukikubaliana na mwenye nyumba kwanza, na ukaheshimu majirani kwa kelele na harufu ya thina. Unahitaji kivuli, sakafu ngumu au mbao nene za kuwekea jeki juu ya mchanga, na ndoo ya mchanga pamoja na kizimamoto cha unga karibu na mkono. Oili chafu usiimwage mtaroni. Iweke kwenye dumu. Mafundi seremala wanaitaka kwa ajili ya mchwa na utashangaa inavyogombaniwa.

6. Vifaa gani ni vya lazima?

Seti ya spana na soketi. Magari ya Uingereza ya zamani yana vipimo vya inchi, na spana ya milimita itakula vichwa vya nati. Fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo). Mita ya umeme. Kipima kompresheni. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), hata ya kuazima. Jeki nzuri na stendi nne. Na kitabu cha ufundi cha gari lako, kwa sababu vipimo nitakavyovitaja hapa ni vya mfano, si vya kila gari.

Kompresa, mashine ya kuchomelea na winchi ya kushusha injini vikodishe. Mengine utayajua unapoyahitaji, kwa kawaida saa mbili usiku duka limefungwa.

7. Mafundi wengi wanaweka gari juu ya tofali. Kwa nini nisifanye hivyo?

Kwa sababu tofali la saruji halipindi kwanza likakupa onyo. Linapasuka mara moja, na uko chini. Mawe yanateleza. Stendi za chuma, kwenye sakafu ngumu, matairi yaliyobaki chini yamekingwa, kisha utikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia. Hili silijadili na mtu.

## Kuliamsha

8. Nianze na nini?

Breki, kisha mafuta, kisha moto wa plagi, kisha joto, kisha bodi. Rangi mwisho kabisa.

Mimi nilianza na rangi. Nilikuwa na hamu, gari likapigwa rangi ya krimu likang'aa mtaa mzima. Miezi minne baadaye nikashusha injini na mnyororo wa winchi ukakwaruza upande mmoja, halafu fundi niliyempa kuchomelea sakafu akaunguza rangi ya chini ya mlango kwa cheche. Nikapiga rangi mara mbili. Gari linalosimama vizuri na kuwaka linakupa moyo hata likiwa baya; gari zuri lisilowaka ni sanamu.

9. Limelala miaka kumi. Niunge betri nijaribu kuwasha?

Hapana. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda, na stata ikilazimisha utavunja kilichokuwa kizima.

Toa plagi zote. Mimina kijiko kimoja au viwili vya oili nyepesi kila silinda, uache siku mbili tatu. Kisha weka spana kwenye puli ya kranki na uzungushe kwa mkono, taratibu. Ikigoma, ongeza oili na subira. Usirukie spana kwa miguu. Ikizunguka mizunguko kamili miwili bila kukwama, umevuka mlima.

Mwaga oili ya zamani, badilisha filta (Beetle haina filta ya karatasi, ina chujio la waya chini ya injini, lifungue uoshe na uone kama kuna vipande vya chuma). Weka oili mpya. Plagi zikiwa bado nje, unga betri na upige stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Hapo oili imefika juu. Sasa rudisha plagi, na lishe kabureta petroli safi kwa chupa ndogo iliyofungwa imara mbali na ekzosi. Petroli iliyokaa miaka kwenye tenki inanuka kama vanishi. Usiiruhusu ifike kwenye injini.

10. Tenki lina kutu. Fundi amesema atalichomelea.

Tenki la petroli tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Asikaribie na moto. Lishushe, limwage, litie nati za chuma au mnyororo mfupi pamoja na siki, litikise, liache siku kadhaa, lioshe kwa maji yenye magadi na ulikaushe mara moja kwa hewa. Lililotoboka tafuta jingine.

Badilisha mipira yote ya mafuta. Kwenye Beetle, weka filta ya mafuta chini karibu na tenki, si juu ya injini, na uhakikishe kibomba kidogo cha shaba kinachoingia kwenye kabureta hakichezi. Kikichomoka, petroli inamwagikia injini ya moto. Beetle nyingi zimeungua hivyo.

11. Breki zinashika kidogo. Si zinatosha kwa majaribio?

Hazitoshi. Seli za mpira ndani ya silinda za magurudumu zikishakauka zinavuja siku unapokanyaga kwa nguvu, na ndiyo siku unapozihitaji. Fungua magurudumu yote manne. Usipulize vumbi la lining kwa kompresa: lining za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji na ulifute kwa kitambaa utakachokitupa.

Badilisha seli au silinda nzima, mipira ya breki yote, na masta silinda ukiona unyevu nyuma yake. Tumia haidroliki ya breki tu. Tone la oili ya injini linavimbisha seli zote za mfumo. Haidroliki inanyonya unyevu wa hewa, na Dar hewa ni unyevu mtupu, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana itupe. Kutoa hewa, kwa kawaida unaanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumalizia la karibu.

## Kuseti injini

12. "Kuseti" ni kufanya nini hasa, na kwa mpangilio gani?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea. Mtu anakuja na gari linalomisi (silinda inaruka bila kuwaka), anageuza skrubu za kabureta, linatulia kidogo, wiki ijayo limerudi. Kabureta ni ya mwisho. Mpangilio ni huu: valvu, pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta), taimini (wakati cheche inaporuka), kabureta. Kila hatua inaharibu vipimo vya inayofuata, kwa hiyo ukirudi nyuma unaanza upya.

Valvu kwanza, injini ikiwa baridi. Kwenye Beetle nyingi nafasi ni milimita 0.15, ya kuingiza na ya kutoa. Nafasi ikiwa ndogo mno valvu haifungi sawasawa, haipoi, inaungua. Anza na silinda ya tatu: kwenye injini za kabla ya 1971, kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake, ndiyo inayopata joto zaidi na valvu yake ya kutoa ndiyo huanza kufa. Kurudia kila kilomita 5,000, pamoja na kumwaga oili, si kujidekeza. Ndivyo injini hiyo ilivyokusudiwa.

Kisha pointi. Zikiwa zimeungua na kuwa na kichuguu upande mmoja, badilisha. Nafasi ya Beetle ni milimita 0.4, zikiwa wazi kabisa juu ya pembe ya kemu. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, la sivyo kisigino cha pointi kinalika na nafasi inafunga yenyewe. Ukibadilisha nafasi hii umebadilisha na taimini. Ndiyo maana taimini inafuata, haitangulii.

Taimini iko swali la 13, kabureta swali la 14.

13. Sina taa ya taimini. Naweza kuseti?

Unaweza, kwa balbu ndogo ya volti sawa na gari lako. Unga waya mmoja wa balbu kwenye upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta, mwingine kwenye bodi. Washa swichi bila kuwasha injini. Zungusha kranki kwa mkono, kuelekea upande inaozungukia, mpaka alama ya puli ifike mahali pake na rota ielekee silinda ya kwanza. Kwa Beetle nyingi zenye distribyuta ya vakyumu ni nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, lakini matoleo yanatofautiana sana, kwa hiyo angalia herufi za injini yako kitabuni.

Legeza distribyuta, izungushe taratibu. Balbu inapowaka ndipo pointi zinapofunguka, na hapo ndipo cheche inaporuka. Kaza, zungusha kranki mizunguko miwili, hakiki tena.

Usisahau mpangilio wa nyaya: Beetle ni 1-4-3-2, wakati injini za silinda nne za Land Rover, Peugeot 504 na Toyota K ni 1-3-4-2. Nimeshaona mtu mzima akisukuma Beetle toka Buguruni kwa ajili ya hilo tu.

14. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Nisafishe kabureta?

Kwanza tafuta hewa inayoingia pasipotakiwa. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kwa chupa ya mwagiliaji kuzunguka gasketi ya kabureta na viungio vya manifoldi. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Kabureta ya zamani pia hulika pale ekseli ya kipepeo inapopita, na hakuna kusafisha kutakakoziba hapo. Mkerezaji mzuri anaweza kuweka bushi mpya.

Ukisafisha, tumia hewa kwenye matundu ya jeti. Waya unapanua jeti, na jeti iliyopanuka inakunywa mafuta milele. Baada ya kufunga, injini ikiwa ya moto, funga taratibu skrubu ya mchanganyiko hadi injini ianze kulegea, kisha ifungue hadi izunguke haraka na laini kuliko pote. Hapo ndipo. Sasa shusha sailensi, karibu na mizunguko 850 kwa dakika kwa gari nyingi.

15. Plagi zinasema nini?

Kahawia kama chai ya maziwa: safi. Nyeusi na kavu kama masizi: petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeusi na yenye oili: ringi au bushi zinazoongoza valvu. Nyeupe kama chokaa: mchanganyiko mkavu au joto kupita kiasi, simama ushughulikie kabla pistoni haijatoboka. Zisome baada ya mwendo wa barabarani, si baada ya nusu saa ya kuunguruma uani.

16. Fundi amesema injini inahitaji oveholi. Nimwamini?

Muombe akupimie kompresheni mbele yako. Injini ya moto, plagi zote nje, waya wa koili umetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho, stata mizunguko kadhaa. Andika namba za silinda zote. Tofauti kati yao inasema zaidi kuliko namba yenyewe. Silinda moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili humo upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi.

Mara nyingi jibu linakuwa "seti valvu", si oveholi.

17. Gari langu lilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Litakufa?

Risasi iliondolewa kwenye petroli ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na gari hizi bado zinakimbia. Kazi ya risasi, pamoja na kuzuia mlipuko wa mapema, ilikuwa kulinda viti vya valvu za kutoa. Silinda hedi za aluminiamu, kama za Beetle na 504, zina viti vya chuma kigumu vilivyopachikwa, kwa hiyo huna la kuhofu. Zenye hedi ya chuma iliyochongwa viti humo humo, kama Morris Minor, viti vinazama polepole ukikimbiza sana. Dalili ni nafasi ya valvu ya kutoa kujifunga kila mara. Siku hedi ikishushwa, mwambie mkerezaji apachike viti vigumu. Usishushe hedi kwa ajili hiyo pekee.

18. Oili gani?

Ya madini, 20W-50 au 15W-40 ya kazi nzito. Oili nyepesi za magari mapya zina zinki kidogo kwa tapeti za aina hii, na zitavuja kwenye kila gasketi.

## Joto na foleni

19. Linachemsha kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, lakini barabara ikifunguka linapoa. Kwa nini?

Kwa sababu likitembea upepo unafanya kazi ya feni. Angalia mkanda wa feni, kava ya feni kama fundi aliitupa, na mapezi ya rejeta kama yamejaa matope na wadudu. Likichemsha mwendoni, kinyume chake, shuku rejeta iliyoziba ndani, gasketi, au taimini iliyochelewa (swali la 13).

Halafu maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula aluminiamu na kuziba rejeta. Tia kuulanti iliyochanganywa na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), au kinga maji ya mvua kwenye chombo safi. Mfuniko wa rejeta nao una kazi ya kushikilia presha. Springi yake ikilegea, maji yanachemka mapema. Usiufungue injini ikiwa ya moto, hata ukiharakishwa na askari.

20. Fundi ametoa thamostati, amesema Dar ni joto haihitajiki.

Nunua nyingine uirudishe. Thamostati nzima haisababishi joto. Inazuia maji yasizunguke mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 80. Bila hiyo injini inakaa muda mrefu ikiwa baridi, inakunywa mafuta, oili inachafuka na silinda zinalika. Ikiwa gari linachemsha ikiwamo na ni nzima, tatizo lipo mahali pengine na fundi amelifunika. Ijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto: ikifunguka, ni nzima.

## Umeme

21. Taa ni hafifu kama kibatari. Nibadilishe jenereta?

Pima kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari limezimwa, ni takriban volti 12.6, injini ikikimbia inatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Zikiwa sawa, jenereta haina kosa. Tafuta eathi: fungua kila waya unaofungwa kwenye bodi, kwangua hadi chuma king'ae, paka grisi, rudisha. Nusu ya "magonjwa ya umeme" ya gari la zamani Dar ni kutu chini ya bolti moja.

Kumbuka Beetle za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 60 nyingi ni volti 6, na magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yana chanya kwenye bodi. Ukiunga redio au alteneta bila kujua, utanusa kosa lako.

## Bodi na rangi

22. Nikwangue kutu nipake rangi juu?

Kutu ya juu juu, ndiyo: brashi ya waya, msasa, dawa ya kugeuza kutu, praima yenye zinki. Kutu iliyotoboa inakatwa hadi kwenye bati zima na kuchomelewa kipande kipya. Kuziba tundu kwa filla ni kuificha hadi masika ijayo.

Bati la gari ni nyembamba, milimita moja au pungufu. Mashine ya fimbo inayotengeneza mageti italitoboa. Tafuta mwenye mashine ya waya na gesi. Anachomelea nukta nukta akiruka huku na huku, bati lisipinde. Kabla ya kukata chini ya milango, funga nguzo za kushikilia mwili, la sivyo milango haitafunga tena. Betri inatolewa kabla ya kuchomelea.

23. Nipige rangi lini?

Juni hadi Septemba. Masika na vuli, unyevu unanasa kwenye rangi na inapauka kama ina ukungu. Na usiache gari limevaa praima tu nje kwa miezi: praima nyingi zinapitisha unyevu, kutu inaanza chini yake huku wewe ukidhani umelinda. Rangi ya sehemu mbili yenye hadina ina sumu ya kuharibu mapafu. Mpelekee mwenye chumba na barakoa ya hewa, usiifanye uani watoto wakicheza.

## Mambo ya pembeni

24. Nanunua pistoni za ovasaizi. Niboe bloku kwanza?

Nunua pistoni kwanza, zipeleke pamoja na bloku, mkerezaji azipime yeye. Ukiboa kisha ukakosa saizi, una chuma cha kuuza kilo Gerezani. Kwa Beetle huboi chochote, unabadilisha silinda na pistoni kwa seti. Ringi mpya zipime mwanya ndani ya silinda kabla ya kuzivisha.

25. Naweza kufunga injini ya Toyota kwenye Land Rover yangu?

Wengi wamefanya, na inakimbia. Ila breki, gia boksi na difu hazikuomba nguvu hizo. Namba ya injini pia haitalingana na kadi hadi urekebishe taarifa TRA. Kama sababu ni kwamba ya zamani inamisi, rudi swali la 12 kwanza.

26. Matairi ya mtumba yana kashata nzuri. Niyafunge?

Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata inaweza kuwa mpya na mpira umezeeka. Likipita miaka kumi sifungi, hata la bure.

27. Limewaka, breki zinashika. Siku ya kwanza barabarani nifanyeje?

Bima ya lazima kwanza. Zunguka uani ukikanyaga breki mara nyingi, mpaka pedali iwe juu na ngumu. Kaza nati za magurudumu. Weka kizimamoto ndani, siyo kwenye buti. Toka Jumapili alfajiri, mwenzako akifuata kwa gari jingine. Mzunguko wa kwanza uwe wa kilomita tano tu, rudi, gusa kila ngoma ya gurudumu kwa mgongo wa mkono: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki yake haiachii. Ya pili nenda hadi Kimara na urudi, ule mlima utakuambia hali ya klachi na joto. Baada ya kilomita hamsini kaza nati tena.

Usiku huo tandika katoni chini ya injini na gia boksi, uchore kwa kalamu magurudumu yalipo. Asubuhi soma madoa: ya kahawia ni oili, yasiyo na rangi karibu na gurudumu ni haidroliki, na yenye harufu ya petroli ni ya kushughulikia kabla ya chai.